Kipenyo

Nilianza kwa spoki.
Si kwa ubaya. Sikio la kushoto liliwasha,
na fundi wa pikipiki pale Kondele, mikono yote grisi,
hujikuna kwa kilicho karibu:
spoki, kifuniko cha kalamu, ufunguo wa mteja.
Utamu wake, ndugu yangu, usiniulize.

Likatoa maji. Maji yakanuka.
Amondi akageuza mto
akalala upande wa miguu yangu.
Nikanunua matone dukani, likakauka,
likawasha, nikarudi kwa spoki.
Miaka tisa hivyo.

Hakuna aliyeniambia kila kidonda kina mwashi wake.
Huja usiku na udongo wa nyama,
hupiga lipu juu ya lipu
mpaka ujia ukawa ufa,
ufa ukawa tundu la sindano.

Mimi niliyetambua vali iliyolegea
pikipiki ikiwa bado ng'ambo ya mzunguko,
nikaanza kuinamisha kichwa kama kuku aonaye mwewe.
Wateja wakasema Fundi Okaka ana maringo siku hizi,
ukimsalimu anakutazama mdomo.

Na huko ndani, kelele!
Nikitafuna muhogo, kokoto zinashushwa kutoka lori.
Nikikohoa, mlango unabamizwa.
Sauti yangu mwenyewe ilikaa humo kama mpangaji
asiyelipa na asiyehama.

Mama mkwe alisema sikio la kufa halisikii dawa.
Nilimjibu baadaye, peke yangu, chini ya injini:
mama, lilitaka kusikia.
Dawa ilibisha hodi ikakuta ukuta.

Kule Russia, ndivyo tunavyoiita hospitali yetu kuu,
Daktari Chelagat aligonga chuma chenye pembe mbili
akakisimamisha katikati ya paji langu.
"Kinalia upande gani?"
Upande ulioziba! Nikadhani nimerogwa.
"Injini ni nzima, fundi," akasema.
"Kilichoziba ni bomba."

Alijaribu upole kwanza: utambi mwembamba
uliolowa dawa, tone kwa tone, wiki tatu.
Uvimbe ukashuka. Kovu likabaki.
Kovu halibembelezwi.

Wakanilaza.
Wakapasua nyuma ya sikio, wakalikunja mbele kama ukurasa,
wakachonga kovu, wakapanua mfupa kwa keekee ndogo
(hiyo sikuisikia, na ningependa),
wakakata ngozi pajani, nyembamba kama ya kitunguu,
wakatandika kuta upya.
Sasa nina paja ndani ya sikio.
Wamukota, mwanagenzi wangu, alicheka mpaka spana ikamponyoka:
"Fundi, muziki ukipigwa, litasikia au litacheza?"

Siku ya kufunguliwa, utepe wa shashi ukatoka,
mrefu, haumaliziki,
na nyuma yake ikatoka Kisumu yote:
viatu, sinia, kunguru,
mtoto wa mtu akilia ghorofa ya chini.
Nilisema asante, na neno likatoka nje ya kichwa
likaenda zake. Nilikaribia kulifuata.

Sidanganyi kwamba yameisha.
Kovu lina kumbukumbu.
Usiku navaa kizibo cha silikoni,
kama jiwe linalozuia mlango usijifunge;
nikioga, pamba yenye mafuta.
Mwezi wa nne daktari alichungulia, akanyamaza,
akasema pamerudi kidogo, milimita moja.
Watu hawaijui milimita moja.
Mimi naijua: ndiyo plagi inayowasha
na plagi isiyowasha.

Jana nilimkuta Wamukota, spoki mkononi,
kichwa upande, macho nusu yamefumba
kwa ule utamu.
Sikumhubiria. Nilinyosha mkono nikaichukua,
nikaipachika kwenye gurudumu lililoikosa,
nikaikaza, nikalizungusha.
Lilikuwa na mlio mdogo, tik, mahali pamoja.
Yeye hakuusikia.